Kompyuta ndogo ya gemu sebuleni, bila AC: jibu kwa msomaji wa Tudor, Mombasa

Swali: "Naishi Tudor, ghorofa ya tatu, na dirisha la sebule linatazama mkono wa bahari. TV yetu ni ya inchi 50, 4K, Hz 60. Wanangu wawili ni wa FC, ile gemu ya soka ya EA; mimi napenda mbio za magari, Forza Horizon hasa. Nataka kujenga kompyuta ndogo ikae kando ya TV, isiwe dude la kujaza kabati zima, na mwanangu mkubwa aitumie pia kwa masomo na kuhariri video. Nina shilingi 140,000. Hatuna AC, ni feni ya dari tu, na stima kwetu hukatika. Je, itastahimili joto na chumvi? Ninunue vipande gani? Au nichukue PlayStation yaishe?"

Dada yangu, nianze na PlayStation, maana ukikosea hapo mengine yote hayana faida. Kama nyumba yako ingekuwa ya FC peke yake, ningekwambia nunua PS5 na usisome zaidi. Unaichomeka, watoto wanacheza, basi. Lakini umetaja masomo na kuhariri video, na hapo kompyuta inafanya kazi mbili kwa pesa moja. Isitoshe, kucheza FC mtandaoni kwenye PlayStation kunadai usajili wa PlayStation Plus juu ya intaneti unayolipia, ilhali kwenye kompyuta intaneti ya nyumbani inatosha. Kwa hali yako, jenga kompyuta.

Sasa twende kwenye joto, kwa sababu ndilo litakaloamua karibu kila kipande utakachonunua. Video nyingi za kujenga kompyuta ndogo hutoka nchi za baridi, na vipimo vyake hufanywa kwenye chumba cha nyuzi 20 au 21. Sebule ya Mombasa mwezi wa Machi, kaskazi inapokufa na kusi haijaingia, ni nyuzi 32 bila taabu. Kipoza joto hakiwezi kuishusha chipu chini ya joto la hewa kinayoivuta. Kila nyuzi moja inayopanda chumbani hupanda pia kwenye chipu, kwa makadirio. Kwa hiyo kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, uliyoiona ikisoma nyuzi 74 kwenye video, sebuleni kwako itasoma 85, na hapo feni zinalia na chipu inaanza kupunguza mwendo ili ijilinde. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Ryzen 5 5600, kwa mfano, mpaka wake ni nyuzi 90.

Ndiyo maana namshauri kila mtu wa pwani ahesabu wati kabla hajatazama ukubwa wa kasha. Wati zote zinazoingia kwenye kompyuta hutoka kama joto, na joto hilo halina pa kwenda ila sebuleni, ulipoketi wewe na wanao. Kompyuta ya wati 450 kwenye chumba kisicho na AC ni mateso hata kama yenyewe haitazimika. Lengo lako liwe wati 200 hadi 250 kwa kompyuta nzima ikiwa kwenye gemu. Ongeza wati 100 hivi za TV, na saa tatu za kucheza zinakula takriban yuniti moja ya tokeni.

TV yako inakusaidia hapa. Inaonyesha fremu 60 kwa sekunde, hakuna zaidi. Kadi ikitoa fremu 110, zile 50 za ziada hakuna jicho litakaloziona, lakini umezilipia kwa stima na kwa joto. Gemu nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo cha fremu, na kwako kikomo ni 60. Nenda pia kwenye programu ya kadi uishushe nguvu hadi asilimia 80 au 85. Utashangaa jinsi tofauti ya mchezo ilivyo ndogo na jinsi feni zinavyotulia. Haya mawili hayana gharama yoyote, na watu wengi wanaolalamika kwamba kompyuta zao zinachemka hawajafanya hata moja.

Na usiogope neno 4K. Picha ya 4K ina nukta zaidi ya milioni 8, mara nne ya zile za 1080p, yaani Full HD. Kadi inayozichora zote mara 60 kwa sekunde kwenye gemu nzito ni kadi ya bei kubwa na wati nyingi. Lakini pima umbali kutoka kochini hadi kwenye TV. Kama ni mita 3, kwenye kioo cha inchi 50 jicho la kawaida halitengi hata nukta za 1080p. Cheza kwa 1440p, iliyo katikati ya 1080p na 4K, au washa DLSS ya NVIDIA au FSR ya AMD, ambazo huchora picha ndogo kisha kuikuza kwa ufundi. Forza ikienda kasi huwezi kujua.

Kwa hayo yote, kadi ninayokuchagulia ni RTX 4060. Inakula wati 115 tu, ina DLSS, na chipu yake ya video itamfaa mwanao akihariri. Ukiikosa au bei ikikushinda, RX 6600 ya wati 132 ni kadi ya heshima. RTX 3060 ya GB 12 utaiona imesifiwa, na kumbukumbu yake ni kubwa kweli, ila wati 170 kwa kasi iliyo chini ya 4060 si biashara nzuri kwenye sebule ya joto. Chukua toleo la feni mbili. Yale ya feni tatu mara nyingi ni plastiki ndefu zaidi juu ya chipu ileile. Kadi zote hizi mbili nilizokuchagulia zina GB 8, hivyo kwenye gemu mpya ubora wa sura za vitu (texture) uweke ngazi moja chini ya juu kabisa. Kuna moja nakukataza: RX 6500 XT. Bei yake huvutia, lakini ina GB 4, inaunganishwa na madabodi (ubao mkuu unaobeba vipande vyote) kwa njia nne tu, na haina chipu ya kuandika video, kwa hiyo kazi ya mwanao itatambaa.

Prosesa: Ryzen 5 5600, wati 65. Ipo Ryzen 5 7600 iliyo mpya na ya kasi zaidi, lakini inadai madabodi na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) za kizazi kipya, AM5 na DDR5, na bei za RAM zimepanda vibaya tangu mwisho wa 2025. Kwa TV ya Hz 60 tofauti hiyo hutaiona. Kumbuka tu kwamba 5600 haina grafiki ndani, kwa hiyo waya wa HDMI uchomekwe kwenye kadi, si kwenye madabodi. RAM ni GB 16, vijiti viwili vya 8, usikubali kijiti kimoja. SSD ya NVMe, ghala la kasi la kuhifadhia gemu na mafaili, iwe ya TB 1. FC peke yake inaomba GB 100, Forza Horizon 5 inaomba 110, na Windows nayo ina lake.

Madabodi ndiyo itakayokusumbua kuipata. Kompyuta ndogo hutumia kipimo cha Mini-ITX, mraba wa sentimita 17 kwa 17, na maduka ya Mombasa hayaweki nyingi kwa sababu wanunuzi ni wachache. Tafuta yenye chipu ya B550 na Wi-Fi juu yake. Mara nyingi itabidi iagizwe Nairobi. Iagize kwanza, kabla ya kununua kitu kingine, kwa sababu hiyo ndiyo inayoamua kama mpango mzima upo au haupo.

Kuhusu kasha, usishawishike na udogo. Wapenzi wa kompyuta ndogo hupima makasha kwa lita, na sifa zote huenda kwa yale ya lita 5 hadi 10. Ndani ya kasha kama hilo kipoza joto cha prosesa kina kimo cha vidole vitatu, kadi imebanwa ukutani, na vyote viwili vinavuta hewa iliyokwisha kupata moto. Kwenye chumba cha nyuzi 20 linavumilika. Kwako nataka lita 15 hadi 20. Mfano mzuri ni Cooler Master NR200, lita 18 hivi: marefu yake hayafiki sentimita 38, kimo 29, upana 18 na nusu. Kando ya TV ya inchi 50 linaonekana kama spika. Ndani yake unaingia mnara wa kupoza joto wenye feni ya milimita 120, nao ukiwa na kimo cha milimita 150 au pungufu hutapata shida. Chini kuna nafasi ya feni mbili za kuvuta hewa kutoka nje na kuipeleka moja kwa moja kwenye kadi, na juu feni mbili za kuitoa. Zijaze zote nne. Chukua ubavu wa chuma uliotobolewa, uache ule wa kioo. Mfumo wa kupoza kwa maji huuhitaji kabisa: prosesa ya wati 65 haina haja nao, na pampu ni kitu kimoja zaidi cha kufa.

Kama unataka kitu chembamba kama PlayStation, Fractal Design Ridge ya lita 12.6 ni nzuri kwa macho. Ila humo kadi imelazwa upande wa pili na kuunganishwa na madabodi kwa kebo ya PCIe, njia ambayo kadi hupitishia data, na kipoza joto hakizidi milimita 70. Kebo hizo mara nyingi ndizo chanzo cha TV kuwa nyeusi ghafla bila sababu inayoeleweka. Ikikutokea, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya madabodi) uishushe PCIe kutoka kizazi cha 4 hadi cha 3, na kwa RTX 4060 hutapoteza kitu cha kukuuma. Mimi ningebaki na NR200.

Kasha likishakamilika, usiliweke ndani ya kabati la TV lenye milango, hata milango ikiwa wazi. Liache sentimita 10 nyuma na zaidi juu. Na najua sebule zetu: ndani ya wiki kitambaa cha kufuma kitatandazwa juu yake na picha ya harusi itakaa hapo. Waambie nyumbani mapema, sehemu ya juu ndiyo dohani, haifunikwi. Pia chetezo kiwe mbali. Moshi wa udi na ubani huacha utando unaonata kwenye mapanga ya feni na kwenye chujio, na vumbi likishika hapo halitoki kwa kupuliza, linataka kufutwa.

Tufike kwenye pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo watu huibiwa. Kasha hilo linatumia kipimo cha SFX, kidogo kuliko cha kawaida. Wati 550 zinatosha na kubaki. Kataa kabisa pawa saplai inayokuja bure ndani ya kasha, na usiamini namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Igeuze usome kibandiko cha ubavuni. Kuna jedwali, na ndani yake safu ya +12V. Chukua ampea zilizoandikwa hapo uzizidishe kwa 12. Prosesa na kadi zinakula kutoka safu hiyo karibu peke yake. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 itakupa ampea 45 hivi, ambazo ni wati 540. Ukikuta kibandiko kimeandikwa 500W kwa herufi kubwa na safu ya +12V inasema ampea 18, umeshika pawa saplai ya wati 216 iliyovaa jina la kuazima. Irudishe rafuni. Inyanyue pia mkononi: nyepesi mno haina vipande vya kutosha ndani. Tafuta alama ya 80 Plus Gold, inayothibitisha kwamba haipotezi umeme mwingi, na kampuni inayojulikana kwa kazi hiyo, Corsair au Cooler Master, kwa duka linalotoa risiti.

Stima ikikatika, kinachoua vyombo kwa kawaida si kule kukatika. Pawa saplai nzuri inakubali volti 100 hadi 240 na haijali sana umeme ukidhoofika. Kinachoua ni kishindo cha kurudi, volti zinaporuka kabla hazijatulia. TV guard ya kawaida, ile inayosubiri kidogo kabla ya kuachilia umeme, ni ulinzi wa bei nafuu na TV yako iwe nayo bila mjadala. Kwa kompyuta ongeza UPS, yaani betri ya dharura stima ikikatika, na usidanganyike na VA: UPS ya VA 650 kwa kawaida inabeba wati 360 hadi 390. Kompyuta na TV pamoja zitaifikisha ukingoni. Chukua ya VA 1000 au 1200, uchomeke kompyuta, TV na kisanduku cha intaneti. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, si kumalizia mechi. Baadhi ya UPS za bei ya chini hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi ambao baadhi ya pawa saplai za kisasa huukataa na kuzima papo hapo. Uliza dukani kama inatoa mawimbi kamili ya sine, au ijaribu na kompyuta yako kabla ya kulipa. Kama nyumba ni ya zamani, muulize fundi wa umeme kama soketi ya sebuleni ina waya wa ardhini. Ukigusa kasha la chuma na vidole vikasisimka, huo waya haupo au umekatika, na njia ya HDMI ya TV itakuwa ya kwanza kuungua.

Swali lako la chumvi ni la maana kuliko unavyodhani, na wengi hulijibu kwa kusema tu "funga dirisha". Chumvi ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani na kuyeyuka unyevu unapopita asilimia 75. Mombasa, usiku na alfajiri, kiwango hicho hupitwa mara kwa mara. Kwa hiyo vumbi lenye chumvi lililotua juu ya madabodi halikai likavu. Alfajiri linageuka utando wa majimaji unaopitisha umeme kidogo na kula shaba, bati na miguu ya vipande. Lakini kompyuta inapowaka, hewa ya ndani inapata joto na unyevu wake unashuka chini ya mpaka huo, chumvi inakauka. Ndiyo sababu kompyuta inayotumika kila siku pwani huishi kuliko ile iliyofungiwa miezi kwa kuhifadhiwa. Mkisafiri wakati wa likizo, mwachie jirani au ndugu aiwashe saa moja kila baada ya siku chache. Kama hakuna mtu, ifunge kwenye mfuko wa plastiki mzito na pakiti za kunyonya unyevu ndani.

Mengine ya chumvi ni mepesi. Kasha lisikae kwenye mkondo wa upepo wa lile dirisha, lihamishie upande wa pili wa TV. Vichujio vya vumbi vioshwe kila mwezi na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Kila baada ya miezi miwili mitatu fungua ubavu, piga brashi laini, puliza kwa bloa, na kila feni uishike kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza. Kadi na RAM zikianza kugoma kuwaka asubuhi za mvua, zichomoe, futa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa kisicho na nyuzi na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, acha ikauke, rudisha. Fundi akitaka kupuliza mafuta ya kuzuia kutu ndani ya kompyuta, mkatalie: mafuta hayo yanakamata kila chembe ya vumbi inayopita.

Kwenye TV yenyewe kuna marekebisho ambayo usipoyafanya utadhani umenunua vitu vibovu. Kwanza tafuta hali ya gemu kwenye menyu ya picha. Bila hiyo TV huchukua muda kuipamba kila fremu kabla ya kuionyesha, na kuchelewa kunaweza kupita milisekunde 50. Kwa Hz 60 kila fremu ni milisekunde 17 hivi, kwa hiyo unabonyeza kupiga shuti na mchezaji anapiga fremu tatu baadaye. Watoto watasema padi ni mbovu. Padi ni nzima. Pili, ikiwa kingo za picha zimekatwa na kitufe cha Windows hakionekani vizuri, zima ukuzaji wa picha kwenye TV. Kila kampuni huuita jina lake, lakini uko kwenye menyu ya ukubwa wa picha. Tatu, maandishi yakionekana yametota rangi, badili jina la njia hiyo ya HDMI liwe PC, na kwenye baadhi ya TV uwashe pia mpangilio wa HDMI ya rangi kamili kwa njia hiyohiyo. Nne, weusi ukiwa kama kijivu, au giza likimeza kila kitu, kompyuta na TV hazijaelewana kuhusu upeo wa rangi: kwenye programu ya kadi chagua upeo kamili, kwenye TV chagua vivyo hivyo. Na sauti isipotoka, iko kwenye kifaa kingine. Bonyeza alama ya spika uchague TV.

Jambo moja litakalowashangaza waliozoea PlayStation: kadi za grafiki hazizungumzi na TV kwa njia ya HDMI kuiambia iwake. Rimoti ya TV itabaki mkononi.

Programu: weka Windows 11. Ipo mifumo ya Linux mizuri sana kwa sebuleni, kama Bazzite, inayofungua kama konsoli na kutii padi tangu mwanzo. Lakini FC ya EA ina ulinzi dhidi ya wadanganyifu usiokubali Linux, na kwa nyumba yako hilo linamaliza mjadala. Fanya Steam, programu ya kununua na kufungua gemu, ifunguke yenyewe kwa sura ya Big Picture, ile ya TV na padi, kompyuta inapowaka, ukuzaji wa maandishi ya Windows uwe asilimia 250 au 300 ili yasomeke kutoka kochini, na ununue kibodi ndogo isiyo na waya yenye kipanya cha kugusa. Padi za Xbox hazisumbui. Za PS4 na PS5 zinafanya kazi kupitia Steam. Antena za Wi-Fi zinazokuja na madabodi zifungwe hata kama unatumia waya, kwa sababu Bluetooth ya padi inapita humo humo, na kasha ni la chuma.

Intaneti ya waya kutoka kisanduku hadi kompyuta ni bora kuliko Wi-Fi. Na piga hesabu kabla watoto hawajaanza kulia: gemu ya GB 100 kwa kifurushi cha Mbps 10 ni zaidi ya saa 22 za kupakua. Ianzeni usiku.

Pesa zako zigawe hivi. Kadi ichukue theluthi moja au kuzidi kidogo. Madabodi na prosesa pamoja zisipite theluthi. Kinachobaki kigawiwe kasha, pawa saplai, RAM na SSD. UPS na padi zitakusukuma ukingoni mwa 140,000, na bei zikikubana, kata kwenye SSD, anza na GB 500 uongeze baadaye. Usikate kwenye pawa saplai. Kadi ya mtumba unaweza kuikubali ukiiona ikicheza gemu mbele yako nusu saa, na ukichungulia skurubu na mabano yake ya nyuma: ikiwa na kutu ya kijani au nyeupe, imeishi karibu na bahari bila kusafishwa.

Ukiona yote haya ni mazito kwa sasa, kuna njia ya pili ambayo si ya aibu. Zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk nyembamba za ex-UK zimejaa mjini, ni imara, na kasha lake ni dogo kweli. Chukua yenye Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa sababu Windows 11 haikubali chini ya hapo na Windows 10 iliacha kupata msaada Oktoba 2025. Ongeza RAM ifike GB 16, kisha tafuta kadi fupi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme: RTX 3050 ya GB 6, toleo la wati 70, au GTX 1650 ya wati 75. Hakikisha ni toleo la kimo kifupi na lina bano fupi ndani ya boksi. FC itacheza vizuri kwa 1080p, Forza kwa mipangilio ya kati. RX 6400 iache kwa mashine hizi. Inaunganishwa kwa njia nne tu, na kwenye PCIe ya kizazi cha 3 inapungukiwa pumzi.

Siku ya kujenga, fanyeni na mwanao mkubwa mezani, si juu ya zulia. Anzeni na prosesa, RAM, SSD na kipoza joto madabodi ikiwa bado nje ya kasha, maana ndani vidole havienei. Pesti ya kupitisha joto ni punje ndogo katikati, na plastiki iliyo chini ya kipoza joto itolewe.

Kisha ipime mapema, wakati risiti ingali mpya na muuzaji anakukumbuka. Chagua siku ya joto, saa nane mchana, feni ya dari ikizunguka kama kawaida yenu. Weka kasha mahali litakapoishi, fungua Forza, cheza saa nzima mfululizo huku HWiNFO, programu ya kupima joto, ikiandika joto nyuma. Prosesa ikibaki chini ya 80 na kadi chini ya 83, uko salama mwaka mzima. Zikizidi, kagua kwanza feni za juu uone kama kuna iliyofungwa kinyume, punguza nguvu ya kadi asilimia nyingine 5, kisha rudia. Zikiendelea kuzidi baada ya hapo, fungua kipoza joto uangalie kama kimelalia prosesa sawasawa, na usimruhusu muuzaji akwambie kwamba Mombasa ndivyo ilivyo.